Mzee Kochi Achagua Ndege

Mganga hajigangi, na Mzee Kochi, fundi aliyeukalisha mji mzima, mwenyewe alikuwa hawezi kukaa. Nusu saa tu kwenye kiti chochote, hata alichokitengeneza kwa mikono yake, mgongo unamwuma kutoka kiunoni mpaka kisogoni, na lazima alale chali sakafuni, palepale, awepo mteja asiwepo. Ni kochi la watu watano lililomfanyia hivyo, ngazini kwa watu, pale mwenzake aliyeshika upande wa juu alipopiga chafya. Tangu siku hiyo alifanya kazi amesimama, alikula amesimama, na kwenye harusi alikuwa mtu wa mlangoni. Watu wakamtania eti anatengeneza viti kwa kulipiza kisasi.

Jumanne moja asubuhi mpwa wake akapiga simu.

"Mjomba, mama hali yake mbaya. Daktari anasema tuhesabu siku, tusihesabu wiki. Anakuulizia wewe tu."

Huyo mama ndiye dada yake Mzee Kochi, na ukisema dada umesema kidogo. Wazazi wao walipofariki, yeye alikuwa na miaka minne na dada kumi na mitano. Watu wazima wakakaa kikao kugawana watoto kama wanavyogawana vyombo. Dada akasimama mbele yao wote, akasema mdogo wangu haendi popote. Akafua nguo za watu mpaka mdogo wake akajua kusoma, kushona na kupiga msumari. Sasa alikuwa nchi ya mbali kwa mwanawe, mwaka wa kumi na moja huu, saa kumi na nne za ndege. Mwaka jana Mzee Kochi alishapata viza ya miaka miwili ya kwenda kumwona, akaogopa kukaa, akaahirisha. Hilo lilimchoma kuliko mgongo.

"Nakuja hata kwa miguu," akasema, kisha akakumbuka alivyo. Saa kumi na nne kitini! Angeshushwa kwa machela, walazwe wawili chumba kimoja.

"Nimeshafikiria, Mjomba. Utapanda daraja la biashara, kiti kinageuka kitanda. Nalipa mimi. Ndege chagua wewe, maana viti unavijua wewe."

"Lakini mimi sina biashara huko."

"Mjomba!"

"Haya, haya, naenda."

Kwenye ofisi ya tiketi alipokewa na binti mwenye miwani, akakataa kiti alichokaribishwa, akaegemea kaunta. Binti akamgeuzia kompyuta aone picha.

"Hii ya kwanza, mzee wangu, kitanda chake kimenyooka kabisa. Ila inaondoka Ijumaa, inapitia miji miwili, utafika Jumapili. Hii ya pili inaondoka kesho asubuhi, haitui popote, unafika kesho hiyohiyo. Lakini viti vyake ni vya zamani. Vinalala kwa mteremko."

"Mteremko kiasi gani?"

Binti alikuwa mwaka wa nane anauza tiketi na hajawahi kuulizwa swali hilo. Mzee Kochi akakodolea macho zile picha. Mgongo ulimwambia Jumapili. Moyo ulimwambia kesho. Jumapili angefika mzima, akute kitanda kitupu. Kesho angemkuta dada, naye mwenyewe hawezi kusimama. Alitamani kulia mbele ya mtoto wa watu.

"Hapo chini kwenye ofisi ya wenye hiyo ndege ya pili," binti akasema polepole, "wameweka kiti kimoja cha maonyesho. Twende ukakione."

Kiti kilikuwa nyuma ya kioo, chini ya taa, kama bwana harusi. Mtu mwingine angekaa. Mzee Kochi akapiga magoti, akang'oa mto wa kukalia, akaupindua. Kiti hakichunguzwi usoni, huchunguzwa tumboni. Hata mwanafunzi wake wa wiki ya kwanza analijua hilo. Mlinzi hakulijua.

"Mzee! Unaiba kiti?"

"Nakisalimia tu, mwanangu."

Binti akamtuliza mlinzi, akabonyeza kitufe. Mgongo wa kiti ukashuka, pa miguu pakainuka, vikakutana katikati bila kulia hata kidogo. Lahaula! Mzee Kochi akabaki mdomo wazi. Akaingiza mkono chini, akapapasa mota tatu ndogo, akafuata mshono kwa kidole kutoka kichwani hadi miguuni asikute mahali uzi umeyumba. Miaka thelathini na minne alijiona bingwa wa viti, kumbe wenzake wako huku! Hakuona wivu. Alifurahi tu kwamba duniani kuna mtu amekaa chini akakifikiria kiti kiasi hicho.

"Mwambieni aliyetengeneza hiki," akamwambia mlinzi, "kwamba fundi amekiona."

Kisha akatoa mfukoni pimamaji yake ya kupimia usawa, ndogo kama kidole, akailaza juu ya kile kitanda. Tone la hewa likakimbilia upande wa kichwa. Akapima: miguu ilikuwa chini ya kichwa kwa sentimita ishirini na moja. Kwa mwenye mgongo mzima si kitu. Kwake ni kuteleza na kujivuta saa kumi na nne. Akakuna kidevu, akacheka peke yake. Kinachoteremka si hutiwa kabari?

"Nikatie ya kesho," akamwambia binti.

Mchana kutwa alikuwa karakanani. Alikata sponji ngumu vipande vitatu virefu, kila kimoja chembamba upande wa kichwani, na upande wa miguuni kina unene wa sentimita saba. Akavipanga kimoja juu ya kingine, akavishonea kava lenye zipu. Mkewe akaja, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Wenzako wanapanda ndege na masanduku, baba watoto. Wewe na godoro."

"Nikirudi nimenyooka utanicheka tena?"

"Nitakucheka vilevile. Mwambie wifi yangu asiondoke kabla sijamsikia sauti," akasema mkewe, akainama kuokota mabaki ya sponji sakafuni.

Ndege iliporuka, Mzee Kochi alishika kiti kwa mikono miwili akasoma dua zote alizozijua. Ilipotulia juu ya mawingu na taa za mikanda kuzimwa, akalaza kiti, akatandika kabari yake, akajinyoosha. Mara damu ikaanza kumjia kichwani. Miguu ilikuwa juu! Akainuka, akajipanga upya, akalala. Bado. Akatoa pimamaji, na tone la hewa likakimbilia miguuni. Alipima mara mbili. Maishani mwake hajawahi kupima mara mbili akakosea.

"Baba, kuna tatizo?" mhudumu akauliza, amechuchumaa pembeni yake.

"Kiti chenu hakina kosa. Ndege yenyewe ndiyo imepinda."

Mhudumu akaziba mdomo asicheke. "Haijapinda, baba. Ikiwa huku juu inaruka imeinua pua kidogo, safari nzima. Viti hivi vilitengenezwa kwa kujua hilo."

Mzee Kochi akamtazama, akatazama njia ya katikati yote mpaka mwisho. Alipima kama wapimavyo watu wa ardhini, wanaodhani sakafu imelala kwa sababu ni sakafu. Kumbe watu mia tatu walikuwa wanakula na kusinzia mlimani, na hakuna chai iliyomwagika! Akafungua zipu, akachomoa kipande kimoja cha sponji, akalaza tena pimamaji. Tone likatulia katikati.

Akalala. Mgongo ukanyamaza, kwanza kiunoni, halafu kote. Dirishani mawingu yalikuwa meupe mpaka yanaumiza macho, na yeye, mtoto wa kugawanwa kikaoni, amelala juu yake anapelekwa kwa dada. Akalia kidogo, kwa mshangao zaidi kuliko huzuni, kisha usingizi ukamchukua.

Mpwa alimsubiri uwanjani na kiti cha magurudumu. Mzee Kochi akakipita wima, akauliza gari liko wapi.

Dada alikuwa macho. Alikuwa mdogo kwenye kile kitanda cha hospitali, uso umebaki macho tu, lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Umekuja."

"Nimekuja, Dada."

"Mgongo?"

"Mzima kabisa."

"Muongo wewe, hujaanza leo. Haya, niinue. Wiki nzima wananigeuzageuza hapa, hakuna aliyenipeleka nikaona nje."

"Mjomba, ngoja nimwite muuguzi," mpwa akasema, lakini mjomba alishainama. Akapitisha mkono mmoja nyuma ya mabega, mwingine chini ya magoti, akakaza tumbo, akavuta pumzi kama anavyofanya mbele ya mzigo mkubwa, akajiandaa kwa uzito wa dada aliyekuwa akimjua. Uzito huo haukuwepo. Aliinuka naye ghafla mno, nusura aanguke kinyumenyume.

"Taratibu," Dada akamwambia shingoni. "Mimi si kochi."

Akampeleka dirishani. Nje kulikuwa na maegesho, miti miwili na mtu anafagia. Dada akaangalia vyote kimoja kimoja. Mpwa akasogeza kiti, mjomba akakataa kwa kichwa.

"Umechoka?" Dada akauliza baada ya muda mrefu.

"Bado, Dada."