Kidude cha Papa Chini ya Kiti

Moshi wa risasi ya kuungia nyaya hunuka utomvu ulioungua, na mpaka leo nikiusikia hufungua madirisha yote. Msimu ule wa mvua, nyumba yetu ya mbao pale Majengo, Goma, ilijaa moshi huo. Magari yalikuwa yakiibwa hata mchana, na teksi nyeupe ya Papa ndiyo iliyotulisha, kwa hiyo yeye, fundi umeme wa magari, aliamua kuitengenezea kidude cha kunasa wezi. Mama, mwenye mimba kubwa, alikohoa akafungua dirisha. Papa akalifunga, majirani wasije wakachungulia.

Alinieleza kila kitu kwa fahari, isipokuwa mahali alipoficha kifungo cha kukizimia. "Bidon ikiwekwa chini ya robine yenye kufunguliwa kidogo, itakawia kujaa. Kondansa ndiyo bidon yangu." Gari likiwashwa, umeme ungeijaza kondansa, kikopo cha kuhifadhi umeme, polepole kama bomba linavyojaza dumu; ikijaa, rele, swichi inayojiendesha yenyewe, ingekata umeme wa pampu ya mafuta na gari lingezimika njiani, lisiwake tena mpaka kifungo cha siri kibonyezwe. Mama akamwambia, "Nionyeshe." Papa akacheka. "Mama Zawadi, wewe uko na marafiki mingi, na marafiki wako na mabwana." Kisha akawanunulia chai vijana wa pikipiki wa njia panda, akawaagiza: "Mukiona gari yangu imezimika yenyewe, mutu wa ndani ni mwizi. Musimuulize kitu." Siri alimnyima mkewe, mtego akautangazia mtaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa akili ya baba yangu.

Asubuhi moja aliitwa aende Kibumba kutengeneza lori la kabichi lililokwama. Alimwachia Mama ufunguo, uchungu usije ukamkuta bila gari, na kidude akakiacha kimetegwa vilevile. Uchungu ukaja kabla ya adhuhuri. Simu ya Papa haikushika. Papa Amisi, jirani yetu mshonaji, mtu wa Maniema asiyejua kusema hapana, akaacha cherehani yake akashika usukani. Nilikaa nyuma, kichwa cha Mama mapajani mwangu. Tulipofika njia panda, gari likakohoa, likazimika.

Vijana wa pikipiki walimtoa Papa Amisi kwa ndevu. Goma haikosi mawe. Volkano imetupa ya kutosha. Nilipiga kelele kwamba ni Papa Amisi, kwamba Mama anazaa, na kijana mmoja niliyemjua vizuri akanijibu bila hata hasira, "Fundi alisema tusiulize." Wakaendelea kumpiga mawe. Mama aliuma kitenge chake mpaka kikachanika. Akina mama wa sokoni walipopasua njia kati ya watu, mdogo wangu wa kiume alikuwa ameshatoka, kitovu kimemzunguka shingo, hana pumzi. Papa alifika baadaye kwa pikipiki. Akaingiza mkono chini ya kiti cha dereva, akabonyeza, akawasha. Gari likaitika mara moja. Ndipo alipogeuka kutazama kiti cha nyuma.

Wazee husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Uongo. Papa alichimba, tukaingia sisi. Papa Amisi bado anashona, kwa jicho moja, na akipima mabega ya Papa hamsemeshi. Siku hizi matajiri wa Himbi huzima magari yao kwa simu, wameketi sebuleni. Mimi langu halina siri yoyote, na anayelitaka aliibe. Kila Jumapili nikiwapeleka wazazi wangu kanisani, Mama hapandi kabla hajapapasa chini ya viti, kimoja kimoja, na Papa husubiri nje hata mvua ikinyesha. Juzi alichoka kusubiri. "Hakuna kitu humo, Mama Zawadi," akasema. Mama akajiondoa mlangoni, akampisha. "Nionyeshe." Na mzee yule, katika suti yake ya kanisani, akapiga magoti kwenye matope meusi, akaingiza mkono chini ya kiti.