Pazia la Bikizee Harusini

Binti yangu alipoolewa Columbus, bikizee wa Kizungu niliyekuwa nikimtunza kule Amherst, pembeni ya Buffalo, aliniazima pazia lake la kitanda. Hariri tupu, lina tausi na makomamanga, lilifumwa kwenye karakana moja ya Ufaransa miaka mia mbili iliyopita. Tangu utotoni alikatazwa kuligusa. Akinyoosha mkono tu, mama yake anamchapa vidole. Sasa alitaka litundikwe nyuma ya maharusi, naye aje kuliona. "Unichungie," aliniambia. Nikaapa kwa Mungu. Nilimpenda yule bikizee, sikutaka hata siku moja nimvunje moyo.

Safari nzima kutoka Buffalo nililipakata kama mtoto mchanga. Kufika ukumbini nikaliweka mezani, nikaenda kutafuta ngazi. Bon, meza ya harusi yetu sisi watu wa Kivu ndipo vitenge vinaporundikwa. Bibi harusi akiingia, akina mama wanavitandika chini apite juu yavyo, mguu wake usiguse sakafu.

Ningali nagombana na ile ngazi, nikasikia vigelegele. Kugeuka, mama wee! Wifi yangu, aliyetoka Louisville na mdomo wake ule mkubwa, ameshatandika tausi sakafuni.

"Mutoto yetu hawezi kukanyaga kitenge ya bei chee!" alipaza sauti. "Leo atakanyaga kitu ya maana!"

"Toa! Toa hiyo!" nilipiga kelele, lakini nani anisikie? Binti yangu akapita, visigino vikizama kwenye manyoya ya tausi, anacheka, mzuri mpaka nikasahau hasira. Kidogo tu. Halafu nikamtazama bikizee pale kiti cha mbele. Alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamkimbilia, nikapiga magoti, na Kiingereza chote kikanitoka kichwani.

Kumbe halii. Anacheka, mabega yanamtikisika.

"Nivue viatu," aliniambia. "Na mimi nataka kupita."

Nikamvua. Wifi akamshika mkono huu, mimi ule, na akina mama wakampigia vigelegele kama bibi harusi wa pili. Alikanyaga polepole, tausi mmoja baada ya mwingine, vidole vya miguu vikipapasa hariri. Alipofika mwisho akageuka, akaomba arudie.