Fundo la Mjomba

Sijitetei, mdomo wangu ndio ulioniponza. Nilikuwa karani Elisabethville, na bwana wangu mzungu alinichukua kutembea naye kwenye hifadhi ya wanyama, ambako kuwinda ni kifungo. Ilikuwa karibu na kijiji cha mama, nisichokikanyaga miaka mingi. Nikajifanya fundi wa pori. Nyayo za nguruwe nikaziita za nyati. Askari wa hifadhi akanicheka.

Tulipokuta mtego wa swala, nikaona heshima yangu inarudi.

"Hii fundo naijua, bwana! Mujomba yangu peke yake njo anafungaka hivi."

Askari akaacha kucheka, akaniuliza jina lake. Nikalitaja kwa majivuno, na kijiji pia.

Jioni askari walimleta mjomba, mikono imefungwa kamba. Akaniona nimesimama kati yao.

"Mwipwa," akasema, "ulikuja kunisalimia?"