Wifi Ndiye Aliyemuuliza Mama

Wauguzi wa chumba cha upasuaji ndio waliompa jina la Bi Dozi, naye hakulikataa. Umtajie dawa yoyote ya usingizi na kilo za mgonjwa, na kabla hujafunga mdomo ameshakupa jibu mpaka nukta. Alikuwa daktari wa miaka thelathini na saba, kifungua mimba wa mama mjane. Aliomba mara tatu ndipo akapokewa kwenye mafunzo ya ubingwa wa dawa za usingizi na utunzaji wa mgonjwa kabla na baada ya upasuaji. Mafunzo yenyewe miaka mitatu, nafasi sita tu, na waombaji kama utitiri. Barua ilipofika alilia jikoni, akapangusa machozi, akampigia mama yake simu.

"Hongera mwanangu!" mama alishangilia. "Leo nyumba imebarikiwa mara mbili. Mkwe wangu naye kapata, kanipigia sasa hivi."

Mkwe huyo alikuwa mke wa mdogo wake, daktari wa miaka ishirini na minane, aliyeomba mara moja tu. Na aliyemleta pale nyumbani hakuwa mwingine ila Bi Dozi mwenyewe. Walikuwa wakifanya kazi wodi moja, akamwona binti mpole asiye na makuu, akamwambia mdogo wake, "Njoo umwone mtu." Sasa mtu huyo kaonekana kuliko yeye.

"Tumefurahi sana," Bi Dozi alisema, na simu ikakatika huku meno yake bado yako nje.

Mwaka wa kwanza ulikwenda. Kwenye mitihani ya kuandika Bi Dozi aliongoza, wifi akawa wa tatu, mara wa nne. Hilo lingemtuliza, ila wagonjwa hawasomi matokeo ya mitihani. Mgonjwa aliyetetemeka kitandani akisubiri upasuaji, wifi akimshika bega na kumwuliza mawili matatu, alitulia. Na Mwalimu, yule daktari bingwa mzee aliyewafundisha, asiyesifu hata jua likichomoza, asubuhi moja alisimama mbele ya wote akasoma kwa sauti maelezo ambayo wifi aliyaandika kuhusu mgonjwa mmoja.

"Huyu amemwona mtu," alisema. "Wengine wote mmeona ini na figo."

Bi Dozi alipiga makofi pamoja na wenzake. Moyoni ilikuwa kama amemeza kaa la moto.

Kijicho hakikai bure, hutafuta kazi. Ijumaa moja Mwalimu alikutana na Bi Dozi ukumbini akamwambia, "Mwambie wifi yako zamu yake ya kuwasilisha mada tumeileta Jumatatu, si Alhamisi tena." Akajibu, "Nitamwambia." Alimwona wifi jioni ile wakivua viatu vya chumba cha upasuaji, wakaongea habari za mvua. Jumapili wakala chakula kwa mama, wakapeana chumvi. Habari ya Jumatatu hakuigusa.

Jumatatu wifi aliitwa mbele mikono mitupu. Mwalimu alimtazama juu ya miwani. "Daktari wa usingizi asiyejiandaa, mgonjwa wake ajiandae." Watu wakacheka chinichini. Wifi akasema, "Naomba radhi, Mwalimu," akarudi kuketi. Hakugeuza shingo upande wa Bi Dozi hata kidogo. Bi Dozi alijisikia vizuri mpaka saa ya chakula cha mchana. Baada ya hapo sahani yake akairudisha ilivyo.

Mwaka wa pili mama alianza kuumwa tumbo upande wa kulia. Picha zikaonyesha mawe kwenye kifuko cha nyongo, daktari wa upasuaji akasema kitolewe, siku ikapangwa.

"Nani atanilaza usingizi?" mama aliuliza.

"Mwalimu wetu mwenyewe, Mama. Nimeshamwomba."

"Vizuri. Na mkwe wangu awepo. Mkono wake mwepesi."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mwanangu, utalia."

Mwalimu naye alisema vivyo hivyo kwa maneno ya kikazi: mtoto wa kuzaa hapana, atawakosesha mgonjwa na daktari utulivu, mkwe anaweza kusimama pembeni, atakayemlaza mgonjwa ni yeye Mwalimu. Bi Dozi akatii kwa kichwa, moyo ukakataa. Kama hawamtaki chumbani, basi angalau fomu ya mama ataijaza yeye. Aliijaza nyumbani, kwenye meza ya kulia, kwa dakika kumi, mama akisuuza vyombo. Presha: ndiyo, anatumia dawa. Sukari: hapana. Alijua mama aliwahi kupasuliwa siku alipozaliwa mdogo wake. Yeye alikuwa na miaka minane, na alimkumbuka mama akirudi nyumbani na mtoto mikononi, mzima kabisa. Kwenye mstari wa matatizo ya dawa ya usingizi huko nyuma akaandika: Hakuna.

Wiki moja kabla ya upasuaji mama alikwenda kliniki ya kuwaangalia wagonjwa watakaopasuliwa. Zamu ilikuwa ya wifi. Mchana ule wifi alimfuata Bi Dozi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango.

"Wifi, una dakika?"

"Ninayo moja."

"Mama kaniambia jambo. Siku ile ya kumzaa mume wangu, baada ya upasuaji alizinduka akawa anasikia watu wote, lakini hawezi kuvuta pumzi wala kuinua kidole. Walikaa wakimpumulisha kwa mfuko wa mkono saa nne nzima, wakipokezana. Alidhani amekufa na wanamzika."

Bi Dozi alijua papo hapo. Ipo dawa ya kulegeza misuli ambayo kwa watu wengi huisha nguvu kwa dakika chache. Wachache mno miili yao haiwezi kuivunja, na jambo hilo hurithiwa ndani ya ukoo. Alijua ukurasa liliko kwenye kitabu. Lakini kilichomjia kwanza, Mungu amsamehe, hakikuwa hofu ya mama yake.

"Kwa nini kakwambia wewe?"

"Nilimuuliza."

Wifi akatoa karatasi mbili. Moja ilikuwa ile fomu yenye mwandiko wa Bi Dozi, nyingine mpya, tupu. "Andika upya wewe mwenyewe, kisha tuipeleke. Ningeweza kuisoma kwenye kikao cha asubuhi mbele ya watu wote. Najua inavyokuwa mtu akisimamishwa mbele ya watu."

Basi alijua kwamba ujumbe wa Mwalimu ulifichwa makusudi. Tangu Jumatatu ile alijua, na kila Jumapili amekuwa akimpokea sahani mkononi kama hakuna lililotokea. Hata wema wake ulimchoma Bi Dozi kuliko tusi.

Jioni alikwenda kwa mama. Hakukaa.

"Mama, miaka yote hii, kazi yangu unaijua. Mbona hukuniambia?"

Mama alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja. "Wewe ukija hapa unaniambia. Mama kunywa dawa, Mama acha chumvi, Mama usiiname. Sijasema unakosea. Lakini hujawahi kukaa ukaniuliza."

Kesho yake Bi Dozi alichukua fomu zote mbili, ya zamani na mpya, akaziweka mezani kwa Mwalimu, na habari ya ujumbe wa Ijumaa akaitapika hapohapo. Usidhani ni uungwana uliompeleka. Ni kijicho: hakuweza kustahimili kudaiwa fadhila na wifi.

Mwalimu alisoma, akavua miwani. "Mtihani wa mwisho wa kuandika ulipata ngapi?"

"Tisini na mbili."

"Na hapa ilitakiwa swali moja." Akaigonga fomu ya zamani kwa kidole. "Wifi yako utamwomba radhi mwenyewe, mimi simo. Mimi nakupa miezi mitatu ya kliniki, kila siku. Kaa na watu."

Siku ya upasuaji Bi Dozi alikaa kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, yeye na mdogo wake, akijua kila dakika kinachofanyika nyuma ya ile milango na asiweze kugusa kitu. Mdogo wake aliongea mfululizo, habari za mpira, habari za bati, kama redio iliyoshikwa na woga. Saa mbili baadaye mama alitolewa, anapumua mwenyewe, midomo mikavu. Bi Dozi akamshika mkono. Mama akafumbua macho, akauliza, "Mkwe wangu yuko wapi?"

"Anakuja, Mama," Bi Dozi akasema, akaenda kumwita. Ukumbini, kabla wifi hajavua kofia, akamwambia, "Ile Jumatatu. Nisamehe."

"Nilishasamehe," wifi akasema, "ila nilichukia sana. Nilichukia wiki tatu." Na neno hilo la kuchukia ndilo lililomfariji Bi Dozi.

Watoto wa mama wakapimwa damu. Mdogo wake hakuwa nayo hali ile. Bi Dozi alikuwa nayo, sawasawa na mama, akaandikiwa kadi ya tahadhari ya kutembea nayo. Muuguzi aliyempa majibu alishangaa kumwona anacheka. Angejuaje? Kwa mara ya kwanza tangu wifi aingie ukoo ule, Bi Dozi alikuwa amepata kitu cha mama ambacho mkwe hawezi kukigusa.

Kliniki ilimtoa jasho. Siku za kwanza aliuliza kama anayekimbizwa, mpaka fundi cherehani mmoja mzee akamwambia, "Daktari, unaniuliza au unanisomea?" Akaweka kalamu chini. Mzee akaeleza kwamba miezi sita sasa analala ameketi, akilala chali anakosa pumzi. Hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote. Upasuaji wake ukaahirishwa, moyo ukatibiwa kwanza.

Wote wawili walimaliza mafunzo mwaka uleule. Bi Dozi aliongoza tena kwa kuandika. Nafasi ya kubaki na kufundisha akapewa wifi. Bi Dozi akapelekwa hospitali ya mkoa, akawa daktari bingwa wa usingizi peke yake, na bado mama akimpigia simu na kuanza na "mkwe wangu kanunua" au "mkwe wangu kasema," kijicho kinaamka palepale.

Mwezi uliopita aliletewa mama mjamzito mwenye moyo dhaifu, anayetakiwa kupasuliwa kesho yake. Aliketi naye karibu saa nzima, akamuuliza, akamsikiliza. Kisha akampigia wifi, akamweleza mambo mawili anayopanga kumfanyia mgonjwa yule. Waliongea nusu saa, wakabishana, wakakubaliana. Mwishoni wifi akasema, "Wifi, hilo la pili sikuliwaza kabisa."

"Rudia," Bi Dozi akasema.

"Sirudii," wifi akacheka, na Bi Dozi akakata simu akaenda kuandaa dawa zake.