Injini Iko Kabatini Butiama

Mume wangu alikuwa gadi wa treni, yule anayekaa behewa la mwisho akiwa na bendera na filimbi. Alipostaafu tulirudi kwao Musoma, mahali ambapo reli haijafika, akaanza kujitengenezea ya kwake juu ya meza ya chakula. Mabehewa aliyakata kwenye makopo ya maziwa ya unga. Reli aliiunga kwa mbavu za miavuli iliyovunjika. Upepo wa ziwa ukiharibu miavuli ya watu, yeye alikuwa anafurahi. Mota aliitoa ndani ya redio kaseti yetu bila kuniuliza. Nilijua siku nilipotaka kusikiliza kwaya.

Usithubutu kuziita treni za kuchezea. Yeye na wenzake wa chama chao cha wapenda treni walisema treni ndogo. Wenzake hao wengi wao hawajawahi kupanda treni kubwa, lakini wakibishana kuhusu breki unaweza kudhani wamezaliwa stesheni.

Treni ya mume wangu ilikuwa nzuri kuitazama na ilikuwa na aibu moja. Haikuwahi kumaliza mzunguko. Ilikuwa inakwenda, inafika kwenye kona, inalala ubavu. Aliahidi chama kwamba kwenye maonyesho yanayofuata itazunguka meza nzima bila kuguswa na mkono. Aliirekebisha kona ile kwa wiki nyingi, akaugua, akafa. Sikujua kama kona ilipona.

Tulipoanua matanga ukoo ulikaa kugawa vitu vyake, kama ilivyo kwetu. Koti likapata mtu, baiskeli ikapata mtu, viatu vikapata mtu ambaye havikumtosha. Halafu shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu anayekaa Butiama, akaonyesha mezani kwa fimbo yake.

"Na hiki?"

"Ni treni, shemeji."

"Naona ni treni. Nauliza inakwenda kwa nani."

Wifi yangu, dada yao wa Nyegina, hakufikiri hata kidogo. "Igawanywe. Marehemu hakuwa na ndugu mmoja."

Hakuna aliyeona ajabu, hata mimi. Kwetu mbuzi wa shughuli ana sehemu ya kila mtu na hakuna anayelalamika. Treni nayo ikachinjwa vilevile. Kichwa, yaani injini, kilikwenda kwa mkubwa. Behewa la kwanza likaenda kwa wifi. La pili likaenda kwa shemeji mdogo, mwenye mgahawa Bunda. Mkia, lile behewa la gadi, ukabaki kwangu, pamoja na reli, maana hakuna aliyejua reli ni nyama gani.

Nilikaa na ule mkia dirishani. Mimi si mtu wa maneno mengi, na wakati ule nilikuwa sina kabisa. Lakini nilitaka kitu kimoja: treni ya mume wangu izunguke mara moja, nzima, mbele ya watu, kama alivyoahidi. Baada ya hapo kila mtu angeondoka na kipande chake.

Mkoani kwetu kuna maonyesho makubwa matatu ya treni ndogo: Musoma, Bunda na Butiama. Nasikia nchi za nje yapo yanayojaza ukumbi mkubwa kama uwanja wa mpira. Sijafika huko. Haya yetu ni makubwa kwa sababu hakuna mengine. Mwaka huo niliyaona yote matatu, kwa hiyo naweza kuyalinganisha bila kusimuliwa.

Ya Musoma yalikuwa karibu na soko la Mwigobero, kwenye ukumbi unaonuka dagaa hata ukifunguliwa madirisha yote. Mwenyekiti wa chama, fundi redio aliyekuwa rafiki wa marehemu, alinipa meza. Nikatandaza reli, nikaweka behewa langu moja. Likakaa pale kama mtu aliyeachwa na basi.

Meza ya pili mwalimu mmoja mstaafu aliweka treni ya plastiki aliyotumiwa na binti yake kutoka nje. Ilizunguka, ikazunguka, haikukosea. Watu waliitazama kidogo wakaondoka.

"Haina matatizo," alisema mama mmoja muuza dagaa. "Sasa mtu unaangalia nini?"

Kwangu walijaa. Watu wa sokoni wana swali moja: inabeba nini? Mama yule akachota dagaa kwenye beseni lake, akawapanga ndani ya behewa langu, vichwa vyote upande mmoja.

"Wanaenda Mwanza," akasema. "Haya, sukuma."

Nikasukuma kwa kidole. Watu wakapiga makofi. Nikasukuma tena.

Fundi alipokuja kuwatoa wale abiria, alinyanyua sakafu ya behewa asafishe, akainamia ndani. Chini yake kulikuwa na betri.

"Mama, hii umeme wake uko huku kwako," akasema. "Angalia waya. Unapita behewa kwa behewa mpaka kwenye injini. Likikosekana moja, hakuna kitu."

"Injini yenyewe haina betri?"

"Ina mota tu. Alisemaga ataificha nyuma, kwa gadi." Akacheka mpaka akashika meza. "Mmegawana kama mbuzi! Sasa mbuzi akishagawanywa, nani anamtegemea atembee?"

Nikaenda Nyegina kwa wifi. Behewa lake aliliweka juu ya cherehani, limejaa sindano na vifungo. Nilimweleza. Akaniangalia nguo zangu nyeusi kuanzia juu hadi chini.

"Wifi, mjane anazunguka na makopo? Watu watasema huzuni imekupanda kichwani."

"Waseme."

"Watasema sisi hatukutunzi."

"Basi twende wote, waone mnanitunza."

Alifikiri. Akamwaga vifungo kwenye kikombe, akatia behewa kwenye mkoba wake wa kanisani. "Nakuja kukulinda tu," akasema. "Sishiki kitu."

Bunda, shemeji mdogo alikuwa anatumia behewa lake kuwekea vijiti vya kuchokolea meno. Lilikuwa maarufu pale mgahawani. Alitupa kwa masharti kwamba lirudi kabla ya chakula cha jioni, wateja wasije wakaona mgahawa umeshuka.

Kwa watu, Bunda waliishinda Musoma mbali. Kwa fujo pia. Maonyesho yalikuwa kwenye ghala karibu na stendi, na fundi kwa kutaka kupendezesha alikuwa ameiwekea meza yetu mbao mpya, akaichorea ziwa, vilima, na kuandika majina kwa rangi nyekundu: Mwigobero, Nyegina, Kiriba, Bunda. Lilikuwa kosa. Hajafika mtu wa nne akaja mzee mwenye koti, akainama, akafuata reli kwa kidole.

"Nani kapima hii?"

"Ni mapambo, mzee," fundi akasema.

"Mapambo yamepita kwenye mihogo yangu." Akaweka kidole juu ya kipande cha sponji kilichopakwa kijani. "Mimi niko hapa. Sijaitwa kwenye kikao chochote."

Nyuma yake mwanamke akasukuma watu. "Na mimi niko wapi?"

"Mama, hii ni treni ya kopo!"

"Hata ile kubwa inaanzaga kwa kuchorwa. Mimi fidia sitaki. Nataka kituo. Niwekee kituo hapa, nitauza chai."

Kukawa na foleni. Wengine walitaka reli iwahame, wengine walitaka iwapitie, na mmoja aliomba ipite kwa jirani yake, palepale chooni. Fundi aliwaambia yeye si serikali, wakamjibu kwamba wanajua, ndivyo watu wa serikali wanavyosemaga. Mwisho akachukua brashi akaanza kuchora vituo.

Injini hatukuwa nayo, kwa hiyo mabehewa matatu yalisukumwa kwa mkono. Nilipochoka, mkono mwingine ukaingia. Ulikuwa wa wifi.

"Pisheni!" akawaambia watu wa mihogo. "Pisheni, treni inapita!"

Tulipokuwa tunafunga mizigo alikuwa amekauka sauti. Sikumkumbusha kwamba hashiki kitu.

Ikabaki Butiama, na kwa shemeji mkubwa. Tulikwenda siku moja kabla ya maonyesho, na behewa la Bunda tulikuwa tumeliazima tena. Injini ilikuwa sebuleni ndani ya kabati la vioo, imekaa juu ya kitambaa kilichofumwa, kati ya chupa ya chai na sahani za harusi. Ilikuwa imefutwa vumbi kuliko ilivyowahi kufutwa kwangu.

"Haiondoki," alisema kabla hatujaketi.

"Kaka, tunaiazima tu," wifi akasema.

"Nimesema haiondoki."

"Sasa unafanyia nini? Unaisalimia asubuhi?"

Hakucheka. Aligeukia kabati, akaongea akiwa ametugeuzia mgongo.

"Siku ile nilipofika nayo niliweka hapa chini. Nikafunga mlango ili watoto wasinione. Nikaisukuma, nikaigonga gonga, nikaiwekea betri za tochi, mpya, za dukani. Haikutikisika. Nikajua imekufa na mwenyewe." Akafuta kioo kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi. "Kitu kikifa na mwenyewe hakiguswi guswi. Ndiyo maana nimekiweka hapo."

Tangu tuzike sikuwa nimemwona shemeji akisema neno juu ya ndugu yake. Nilidhani yeye aliumaliza msiba palepale kaburini. Wifi naye akawa anahesabu maua ya kitambaa.

"Shemeji," nikasema, "haijafa. Tumbo lake liko kwangu."

Nikatoa behewa la gadi, nikanyanyua sakafu, nikamwonyesha. Aliangalia betri, akaangalia injini, akaniangalia mimi kana kwamba nimemletea barua ya marehemu.

"Nitaileta mwenyewe," akasema. "Na nitaishika mwenyewe."

Maonyesho ya Butiama yana utaratibu kuliko yote, na hiyo ndiyo kasoro yake. Kulikuwa na sala ya kufungua, utambulisho, na mgeni rasmi aliyezungumza juu ya faida za reli kwa muda ambao treni ya kweli ingefika Tabora. Watu walikaa kwenye viti wametulia kama wako ibadani. Shemeji alikaa mbele, injini mapajani, imefungwa kwenye kitambaa chake.

Zamu yetu ikafika. Fundi alikuwa amekuja na ile mbao ya Bunda, na vituo vyake vyote. Tukaunganisha: kichwa, behewa la wifi, la mgahawa, mkia. Fundi akawasha swichi. Kimya.

"Nilisema," shemeji akanong'ona. Uso wake ulikuwa umekwisha.

Fundi akapitisha kidole kwenye waya zote, akafika behewa la Bunda, akachomoa kitu kwenye kiungio, akakiinua juu watu waone. Kijiti cha meno.

Alipowasha tena, mota ikaunguruma. Ilikuwa sauti ileile ya nyumbani kwangu, ya meza ya chakula. Lakini treni haikwenda, kwa sababu shemeji alikuwa ameikamata.

"Achia, kaka."

"Itaanguka."

"Shemeji, achia."

"Mnataka ianguke mbele ya mgeni rasmi?"

Mume wangu alisemaga treni haiondoki kwa amri ya dereva, inaondoka kwa gadi. Filimbi yake nilikuwa nayo ndani ya mkoba. Mjane hapigi filimbi mbele ya wakwe, hilo hata halihitaji kuelezwa. Nikaitoa, nikapuliza. Ukumbi mzima uliruka, na shemeji akaachia.

Ikaondoka. Ikapita Mwigobero, ikapita Nyegina, na wifi akapunga mkono kana kwamba yumo ndani. Kwenye kona ikainama, na sisi sote tukainama upande wa pili. Shemeji akanyoosha mkono, wifi akauchapa kofi.

"Usiguse!"

Ikanyooka yenyewe. Ikapita Kiriba, ikapita kituo cha yule mama wa chai, ikarudi pale ilipoanzia. Haikuguswa na mtu. Shemeji alikuwa anapiga kelele juu ya kiti, mgeni rasmi naye amesimama, na mimi nilikuwa nacheka kwa sauti, machozi yanatoka, filimbi bado mdomoni inapiga yenyewe kila nikivuta pumzi.

Mzunguko wa pili ilianguka. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ilifika Kiriba ikalala ubavu, magurudumu yanazunguka hewani.

"Haijaanguka," shemeji aliwatangazia watu. "Imepumzika Kiriba."

Jioni kila mmoja alichukua sehemu yake. Wifi aliweka behewa kwenye mkoba, la mgahawa likafungiwa gazeti, na mimi nikakusanya reli na mkia. Kusema kweli nilitegemea shemeji aseme, chukua na injini. Hakusema. Aliifunga kwenye kitambaa, akaaga, akatoka. Haki ni yake, aligawiwa mbele ya watu.

Halafu akarudi mlangoni.

"Shemeji, hiyo betri huwa unaichajiga?"

"Siichajigi. Nilikuwa nataka izunguke mara moja tu."

Akahamisha injini kutoka kwapa la kulia kwenda la kushoto.

"Ichaji," akasema, akaondoka nayo.