Aliyefagia Mahali Pangu

Mwanangu, niwataje kwanza waliokuwapo sokoni Busia asubuhi ile, usije ukadhani nasimulia ya kuambiwa. Alikuwapo Bi Zuhura, mjane wa dereva wa lori, mwenyekiti wa chama chetu cha kina mama wa soko. Alikuwapo Nekesa, dada yake mama mkwe wangu, ndiye aliyeniombea mahali pa kuuzia. Alikuwapo Athieno, mzaliwa wa Nabuyoga, wa kabila na lugha nyingine na yangu, aliyekaa kwa shangazi yake hapo jirani. Gunia lake la wimbi, ile nafaka ya uji, liligusana na kapu langu la samaki. Alikuwa na mapacha wa kike: mmoja humbeba mgongoni, mwingine humwacha kwa shangazi. Na mimi Nabwire, bibi arusi wa juzijuzi.

Wazungu walikuwa bado wanatawala. Soko letu la kando ya barabara lilikaa kwa ruhusa ya ofisi ya serikali tu, na uchafu ukionekana, mwenye mahali anafukuzwa. Basi chama kikaweka desturi: hakuna anayefagia pake, unafagia pa jirani. Bi Zuhura alisema mtu akifagia pake mwenyewe, uchafu anausukuma tu kwa mwenzake. Mimi nilipewa pa Athieno, nifagie jioni, kwa kuwa yeye hutoka mapema kwenda kumnyonyesha yule aliyebaki nyumbani.

Nilifagia kwa kununa. Nilikuwa na maringo, usinione hivi. Nikasema, mbona mimi Msamia nimfagilie mtu ambaye hata salamu yangu hajui kuitikia? Yake pia sikuijua, lakini hilo sikuliwaza. Jioni moja nikapasua samaki wa mwisho, magamba na matumbo nikayasukuma upande wake, nikaenda zangu.

Kesho yake nilifika jua limeshapanda, maana samaki wangu waliletwa kwa baiskeli na shemeji yangu kutoka Lumino. Nikakuta watu wamejaa. Bwana Afya, yule kijana wa ofisi aliyekagua usafi, alikuwa ameelekeza fimbo kwenye nzi.

"Hapa ni pa nani?"

"Pangu, Bwana," Athieno akasema.

"Funga mizigo yako. Kuanzia leo huuzi tena hapa."

"Lakini Bwana, mimi nauza wimbi. Wimbi haina matumbo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mahali ni pako, uchafu ni wako."

Kila mtu alijua ni matumbo ya nani, maana safu ile samaki niliuza mimi peke yangu. Nekesa alinitazama, kisha akatazama chini. Athieno akaanza kukunja gunia, mtoto mgongoni, wala jina langu hakulitaja. Wimbi ile ndiyo iliyowalisha watoto wawili.

Bi Zuhura akaniita, si kwa ukali. "Nabwire, mwanangu, pako leo pamefagiwa?"

Nikatazama. Safi kabisa, mistari ya ufagio bado inaonekana. "Ndiyo, Bi."

"Amefagia nani?"

"Sijui. Kila siku huwa nakuta safi."

"Hajui!" Nekesa akapiga makofi. "Huyu alidhani anafagiliwa na malaika!"

"Ni mimi," akasema Athieno. "Kila asubuhi nafagia pako kwanza. Leo nimemaliza pako, nageuka nizoe matumbo yaliyoachwa pangu, Bwana huyu hapa."

Nikapiga magoti, mwanangu. "Bwana, matumbo ni yangu. Niondoe mimi, huyu mwache."

Fimbo ikageuka kwangu. Bi Zuhura akaingia katikati. "Huyu akitoka, nani atafagia pa Athieno? Tupe mpaka adhuhuri, Bwana. Ukikuta gamba moja, tutakunja magunia sote, mimi wa kwanza."

Bwana Afya akawatazama kina mama wamesimama, kila mmoja na ufagio wake. Akapanda baiskeli. Adhuhuri akarudi, akapita soko zima, mwisho akanunua wimbi kwa Athieno.

Bi Zuhura hakunifokea. Aliniambia tu, "Siku zote hizi hukuuliza nani anakufagilia. Kuanzia kesho, kabla hujatua kapu, msalimie." Athieno akanifunza salamu ya kwao, nami yangu. Tulikaa kapu kwa gunia mpaka tukaota mvi.

Basi nyinyi mnaoendesha masoko na vyama leo, nasaha yangu ni hii. Ukikuta mahali pako pasafi, uliza ni nani, umshukuru kwa jina lake. Na ukikosea, sema mwenyewe mbele ya watu, usingoje mwenzako akunje gunia kwa ajili yako.

Mungu awape majirani wa kuwafagilia, nanyi awape mikono ya kuwafagilia wao.

Kama nimekosea popote, nisahihisheni. Majina huwa hayanipotei, ila moja tu: yule pacha wa Athieno aliyekuwa mgongoni asubuhi ile, alikuwa Apio aliyetangulia kuzaliwa, au Adongo aliyemfuata? Mmoja wao akiyasikia haya, aje aniambie. Nitamwitikia kwa salamu ya kwao.