Ukuta wa Balkoni

Majengo yale ya serikali yalikuwa yamechoka. Rangi imebambuka, mabomba yanalia, na ngazi hazina hata kipande cha kushikilia. Yalipoanza kukarabatiwa, ikaamuliwa vijana wa humo humo wafundishwe ujenzi kwenye kuta zile zile walizokulia. Mmoja wao alikuwa binti wa ghorofa ya tatu. Wenzake walimbandika jina la Timazi, maana hakupandisha tofali kabla hajaning'iniza timazi, ule uzi wenye chuma wa kupimia wima wa ukuta, na kuukodolea jicho moja.

Kazi aliipenda. Hata sala zake za alfajiri zilikuwa fupi siku hizo, Mungu amsamehe, kwa haraka ya kuuwahi mwiko.

Ila fundi mkuu alikuwa na sharti lake: kila mwanafunzi aanzie kwao. Asiyeweza kubomoa kwa mama yake, alizoea kusema, asiguse kwa mama wa mwenzake. Na cheti kilikuwa mikononi mwake.

Siku aliyopanda kwa kina Timazi, aligonga kuta kwa mpini wa nyundo, akitikisa kichwa kukubali, mpaka akafika kwenye balkoni. Balkoni yenyewe haikuwepo tena. Baba yake Timazi, mlinzi mstaafu, alikuwa ameizungushia matofali na kuifanya chumba, pale binti yake mkubwa aliporudi nyumbani na wanawe na nyumba ikajaa pomoni. Alijenga mwenyewe, kwa kukisia. Ukuta ulilala upande kama mlevi aliyeegemea mlango, lakini ndani mzee alikuwa na kitanda, redio na mlango wa kufunga. Fundi alishuka akatazama kwa chini, akaona sakafu ya balkoni imepasuka kwa uzito. Na hapo chini watoto hucheza. Akasema ukuta ushuke kabla ya wiki kwisha, na wa kuushusha ni Timazi mwenyewe.

Timazi akamwomba kazi hiyo apewe mwingine. Fundi akakataa. Timazi akamwendea baba yake kumsihi ahame chumba, naye akamjibu bila kugeuza shingo:

"Mwanangu, nimelinda malango ya watu maisha yangu yote. Hilo ndilo la kwangu. Ukija kuuvunja ukuta huu, utanikuta ndani."

Basi akabaki hapo katikati, kumeza hawezi, kutema hawezi. Asipovunja, cheti hana, na watakuja wengine na nyundo kubwa, mzee aaibike mbele ya majirani. Akivunja, anamtoa baba yake nje kwa mikono ambayo mzee huyo huyo aliilisha. Wenzake wakamtania kwamba kumbe timazi ya kwao imepinda. Hakucheka.

Siku ya mwisho alimkuta mzee kweli kakaa kitandani, ukuta kaupa mgongo. Chini walishazungusha kamba kuwazuia watoto. Timazi akamfunika baba yake shuka kichwani na mabegani, kama mtu anayekwenda kunyolewa, ili vumbi lisimdhuru. Kisha akapanda juu ya stuli, akatia tindo kwenye maungio, akaanza kutoa tofali moja moja kutoka juu, akiliweka polepole kwenye ndoo ya kuteremshia kana kwamba ni yai.

Mwanga ukaanza kuingia.

"Umefika wapi?" mzee akauliza kutoka ndani ya shuka.

"Kifuani, baba."

"Huko chini nilizidisha saruji. Usipige kwa mbele, utajiumiza. Piga kwa ubavu."

Akapiga kwa ubavu. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja chenye chokaa, yakamwasha zaidi.

Mchana mzee alikuwa peupe, ua mzima unamwona. Jirani wa jengo la pili akampigia shikamoo, akamuuliza kama leo kaamua kupunga upepo. Mzee akaitikia marahaba, basi. Fundi mkuu akapanda, akapapasa ukingo, akasema kazi ni safi na cheti amekipata.

Fundi alipoondoka, Timazi akamtoa baba yake shuka, akamwambia ainuke, aingie ndani.

"Niingie wapi, mwanangu?"

Timazi akageuka kutazama ndani. Magodoro ya watoto yalifika mlangoni, masufuria ya dada yake juu ya kabati, kabati juu ya masanduku. Akaketi kitandani kando yake, shuka lenye vumbi mapajani.